Shajara ya mradi: programu ya kudarizi ya mwaka 2001 kwenye laptopu ya inchi 14

Shangazi hudarizi nembo za shule kwenye sweta pale Uhuru Market, kando ya Jogoo Road, Nairobi. Programu anayochorea nembo ni ya mwaka 2001. Ilikuja kwenye CD pamoja na mashine yake, na mkono wake unaijua kama unavyojua mkasi. Mwezi uliopita stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na ubao mama wa kompyuta yake ya mezani ukaungua. Diski ilisalimika.

Shule zinafunguliwa Januari, na safari hii kuna kundi la kwanza la Gredi ya 10, kwa hivyo nembo mpya ni nyingi na zinatakiwa kabla ya Krismasi. Kununua programu mpya na kuijifunza katikati ya msimu hakuwezekani. Nimekubali kuihamishia hii ya zamani kwenye laptopu, na nitaandika hapa kila hatua inapokwisha. Wapo wadarizi wengine wenye programu za rika hili, na nadhani shida zao zitafanana na zetu.

8 Novemba 2025: Laptopu, diski na kusakinisha

Laptopu imetoka Luthuli Avenue, zile zilizotumika Uingereza. Skrini yake ni ya inchi 14, pikseli 1920 kwa 1080, RAM GB 8, Windows 11. Bei KSh 24,000 baada ya kuvutana sana.

CD ilikataa mara moja. Programu yenyewe ni ya biti 32 na Windows ya leo huiendesha bila neno, lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi chochote cha biti 16. Nikanunua adapta ya kuunganisha diski ya zamani kwa USB, KSh 1,300, nikanakili folda nzima kama ilivyo.

Mambo mawili kwa atakayefuata njia hii. Usiiweke ndani ya Program Files. Programu za enzi hizo huandika mipangilio yao ndani ya folda yao wenyewe, na Windows huyapeleka maandishi hayo pembeni bila kukuambia, halafu unashangaa mipangilio imeenda wapi. Yetu iko C:\Darizi. La pili, kulikuwa na faili moja ya OCX (kipande ambacho programu hukitegemea ili ifunguke) iliyokosekana. Niliitoa kwenye diski ya zamani, nikaiweka kwenye folda ya SysWOW64, ambayo ndiyo ya faili za biti 32 (siyo System32, ingawa jina linadanganya), nikaisajili kwa amri ya regsvr32 nikiwa msimamizi. Programu ikafunguka.

9 Novemba: Ukungu, na kitufe kilichopotea

Imefunguka, lakini haitumiki. Maandishi yote yana ukungu, kama unayatazama kupitia kioo cha matatu asubuhi ya Julai. Baya zaidi, dirisha la kuhifadhi nembo limekatika chini: kitufe cha OK hakionekani na dirisha halivutiki. Shangazi alijaribu kubonyeza Enter bila kukiona kitufe, ikafanya kazi mara moja, mara ya pili ikafuta alichochora.

Ukungu nimeuelewa jioni hii. Windows imepanga ukuzaji wa asilimia 150 kwa sababu skrini ni ndogo na pikseli ni nyingi. Programu ya 2001 haijui lolote kuhusu ukuzaji, basi Windows huichora kwa ukubwa wa zamani kisha huivuta picha yake, kama picha ya pasipoti iliyokuzwa kwa mashine ya fotokopi.

Kitufe sijakielewa.

15 Novemba: Njia tatu zisizofaa na tepu moja

Nilianza kwa kushusha skrini nzima hadi pikseli 1366 kwa 768. Ukungu ukaenea kila mahali, hata kwenye programu mpya, kwa sababu skrini ya laptopu ina idadi moja tu ya pikseli iliyo yake, na nyingine zote ni kukisia.

Kisha nikaweka alama kwenye lile chaguo la utangamano ("Compatibility") la kuendesha programu kwa pikseli 640 kwa 480. Dirisha kuu halikutosha hata nusu. Nimeliondoa.

Hapo shangazi alikuwa ameshaipeleka laptopu kwa fundi mmoja mjini bila kuniambia, akaambiwa skrini ni mbovu na inabadilishwa kwa KSh 6,500. Skrini si mbovu. Mwenye laptopu ya namna hii akiona ukungu, kwanza afungue programu mpya yoyote, kivinjari kwa mfano. Kama huko maandishi ni makali, skrini ni nzima na shida ni ya programu ya zamani. Jaribio hilo ni la dakika moja na halina bei.

Jaribio la tatu lilikuwa ukuzaji wa asilimia 100. Maandishi yakawa makali kama wembe na kitufe cha OK kikarudi. Nilidhani nimemaliza. Shangazi akavaa miwani, akainama, akasema, "Mwanangu, nembo imekonda."

Nikamwambia ni macho tu. Hakubishana. Alichukua tepu yake shingoni, akaiweka juu ya skrini. "Nembo ya mfukoni ni sentimita tano. Hii yako ni tatu."

Nimepima mwenyewe: milimita 30 na nusu. Nembo ya milimita 50, na programu iko kwenye ukubwa wa moja kwa moja (1:1). Nikakaa na kalamu, na hesabu hii ndiyo iliyofungua kila kitu kilichofuata, kwa hivyo naiandika kikamilifu.

Programu inaamini kwamba kila inchi ya skrini ina pikseli 96. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha Windows, na mwaka 2001 mtunzi wa programu hakuwa na sababu ya kukitilia shaka. Milimita 50 ni inchi 1.97, mara 96 ni pikseli 189. Lakini skrini ya inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 157 kwa kila inchi. Pikseli 189 gawanya kwa 157 ni inchi 1.2, yaani milimita 30 na nusu. Tepu ya shangazi na hesabu vimekutana.

Faili yenyewe haijaharibika. Faili za DST ambazo mashine yake inasoma hupima kila mshono kwa sehemu za kumi za milimita, hazijui pikseli ni nini. Nembo ingeshonwa sentimita tano ileile. Ila shangazi huamua kwa jicho: herufi ikionekana chini ya milimita 5 huinenepesha, kwa sababu uzi utajikunja. Skrini ikimdanganya, atanenepesha herufi zilizokuwa sawa.

Halafu zile alama za upau wa zana. Zina pikseli 16, na kwenye skrini hii ni milimita 2.6. "Haya macho nimeyatumia kutunga sindano tangu ujana," alisema, "siwezi kuyatumia kufukuza siafu."

Asilimia 100 imekataliwa.

16 Novemba: Mishono inayokimbia

Nimegundua mahali pa kuirekebisha programu moja bila kugusa skrini nzima. Bofya kulia faili ya programu, "Properties", "Compatibility", "Change high DPI settings". Chini kabisa kuna kisanduku cha kubatilisha ukuzaji, na machaguo matatu: "Application", "System" na "System Enhanced".

Nikachagua "Application", ukuzaji ukiwa 150. Maana yake, Windows inajitoa na kuiambia programu kipimo kilichopangwa: hesabu nukta 144 kwa inchi (96 mara moja na nusu), jipange. Ikajipanga nusunusu. Maandishi yalikua, vitufe vikakua, alama za zana zikabaki palepale kama vifaranga kati ya kuku.

Lakini hilo lingevumilika. Kisichovumilika ni kwamba mshono hauanguki pale unapobofya. Shangazi anabofya kwenye ncha ya ngao, nukta inatokea upande wa kulia na chini. Nilidhani kipanya ni kibovu, nikabadilisha kipanya. Nikadhani ni kishale, nikaongeza ukubwa wake. Saa mbili zimepotea hapo.

Kilichosaidia ni kupima. Nilibofya pikseli 200 kutoka ukingo wa kushoto, mshono ukaanguka 300. Nikabofya 400, ukaanguka 600. Kosa halikuwa la kiasi kimoja, lilikua kadiri ninavyoenda mbali na kona, na kila mara ni mara moja na nusu. Kipanya kibovu hakina hesabu nzuri namna hiyo.

Kwenye folda kuna faili ya MSVBVM60.DLL, kwa hivyo programu imeandikwa kwa Visual Basic 6. Lugha hiyo haipimi kwa pikseli, hupima kwa twipu, na inchi moja ina twipu 1440. Kwenye nukta 96 kwa inchi, pikseli moja ni twipu 15. Kwenye 144, pikseli moja ni twipu 10. Mtunzi angeweza kuiuliza Windows kila mara ni ngapi. Vipimo vyangu vinaonyesha hakuuliza, aliandika 15 moja kwa moja. 15 gawanya kwa 10 ni moja na nusu.

Kwa programu ya Visual Basic 6 ya kuchora, basi, "Application" iwe ya mwisho kujaribiwa. Ikionekana kufaa, bofya kona ya chini kulia kabisa kabla ya kuiamini. Karibu na kona ya juu kushoto kosa ni dogo na utaapa kwamba kila kitu ni sawa.

22 Novemba: Kosa langu kubwa, na kinachofanya kazi

Wiki nzima jioni, baada ya kufunga saiba (duka la intaneti), nimekuwa nikijaribu mchanganyiko wa ukuzaji na machaguo, nikiandika matokeo kwenye daftari. Jumatano matokeo yalianza kupingana. Asilimia 125 ilikuwa na ukungu Jumatatu, Jumatano haina. 150 ilikuwa kinyume.

Kosa ni langu. Nilikuwa nabadilisha ukuzaji na kufungua programu papo hapo. Windows humpa mtumiaji kipimo cha msingi anapoingia, na programu za zamani hukitumia hichohicho mpaka atoke na kuingia tena. Nusu ya majaribio yangu yalikuwa ya mpangilio wa jana. Nimechana kurasa nne na kuanza upya. Kila ukibadilisha ukuzaji, toka kwenye akaunti, ingia tena, ndipo upime.

Kwa vipimo safi, chaguo la tatu, "System Enhanced", limeshinda. Programu inaendelea kuamini nukta 96, kwa hivyo mshono unaanguka palepale unapobofya. Lakini badala ya kuvuta picha iliyokwisha kuchorwa, Windows huingilia maagizo yenyewe ya kuchora maandishi na mistari na kuyatekeleza kwa ukubwa mpya. Maandishi ni makali, mistari ya mishono ni mikali. Picha ndogo za zana bado zina ukungu kidogo kwa kuwa ni picha. Chaguo hili lilikuja na Windows 10 toleo la 1703, mwaka 2017. Mwenye Windows 7 hatalikuta.

Kitufe cha OK nacho nimekielewa. Ukuzaji ukiwa 150, programu isiyojua ukuzaji huambiwa skrini ni 1920 na 1080 gawanya kwa moja na nusu, yaani 1280 kwa 720. Dirisha la kuhifadhi lina urefu wa 768. Halitoshi, na hakuna chaguo la utangamano litakalolitosheza. Kwa asilimia 125 programu huona 1536 kwa 864, ukitoa upau wa kazi inabaki zaidi ya 800. Dirisha linatosha lote.

Nilijaribu kuwa mjanja kwa kuandika asilimia 140 kwa mkono, kwa sababu 1080 gawanya kwa 1.4 ni 771, na upau wa kazi ukifichwa dirisha linaingia likibakiza pikseli tatu. Liliingia kweli. Lakini mistari ya gridi ikawa minene hapa na myembamba pale, na kila akisogeza nembo inaacha mabaki nyuma yake. Nimerudi 125 iliyo rasmi.

Hali ya leo: asilimia 125, "System Enhanced". Nembo ya milimita 50 inaonekana milimita 38. Ndani ya programu kuna ukuzaji wake yenyewe wa mchoro. Nikiuweka 131 tepu inasoma 50. Nimemwandikia shangazi 131 kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya kibodi. Alama za zana ni milimita 3.2, na hilo bado linamuumiza.

29 Novemba: Rangi mbili za damu ya mzee

Hasara ya kwanza ya kitambaa. Wakati wa majaribio ya mwanzo niliweka alama kwenye chaguo la kupunguza rangi hadi 256, nikasahau kuiondoa. Programu ikaamini skrini ina rangi 256 tu, ikabana chati yake ya nyuzi iingie humo. Nyuzi mbili za damu ya mzee zenye namba tofauti zikawa rangi moja kwenye skrini. Shangazi alichora ngao upande mmoja kwa namba hii, upande wa pili kwa ile, na hapakuwa na njia ya kuona. Sweta ya sampuli ikatoka na ngao yenye mashavu mawili tofauti. KSh 850, pamoja na asubuhi yake nzima.

Nimemwomba msamaha, naye akaniomba nisiguse chochote siku ya kazi. Ni haki yake. Kuanzia leo najaribu kwenye nakala ya folda, siyo kwenye programu anayofanyia kazi, na nabadilisha chaguo moja tu kwa wakati mmoja.

6 Desemba: Duara lililonenepa

Programu ina kionyeshi chake, faili nyingine ya .exe kwenye folda ileile, ambacho huonyesha mashine itakavyoshona hatua kwa hatua. Hufungua skrini nzima kwa 640 kwa 480 kupitia DirectDraw, njia ya zamani ya Windows ya kuchora kwenye skrini. Kwenye laptopu upana unavutwa mara 3 na urefu mara 2.25, kwa hivyo nembo ya duara inatoka kama yai lililolala, pana kwa theluthi moja.

Mpangilio wa draiva ya Intel wa kuhifadhi uwiano haukuonekana mpaka niliposhusha skrini chini ya pikseli zake, na sikutaka kurudi huko. Nimetumia dgVoodoo2, ambayo ni ya bure. Hutafsiri DirectDraw ya zamani kwenda Direct3D ya sasa. Unaweka DDraw.dll na D3DImm.dll kwenye folda ya programu, unafungua kidirisha chake cha mipangilio, unachagua kuvuta huku uwiano ukihifadhiwa.

Mara ya kwanza kionyeshi kilikataa kabisa kufunguka, kikatoa kosa 0xc000007b. Nilinakili faili kutoka folda ya x64 kwa kuwa Windows ni ya biti 64. Kinachohesabika ni programu, na programu ni ya biti 32: faili ni zile za x86. Nikabadilisha, kikafunguka, na duara ni duara, lenye mistari mipana myeusi kushoto na kulia. Kwenye kona kulikuwa na nembo ya dgVoodoo. Huondolewa kwa kutoa alama moja upande wa DirectX.

12 Desemba: Jamhuri, na monita ya zamani

Soko limepoa leo, tumekuwa na kibanda peke yetu. Shangazi alikuwa amerudia neno moja mara kadhaa, nami sikuwa nimelisikiliza: "Kwenye ile ya zamani sikuwahi kuhitaji karatasi ya 131."

Monita ya zamani ilikuwa chini ya meza, imefunikwa kanga. Inchi 17, pikseli 1280 kwa 1024. Nikapiga hesabu kabla ya kuiinua: pikseli 96 kwa inchi. Kumbe miaka yote programu iliamini 96 na monita ilikuwa 96, wala hakuna aliyejua kwamba walikuwa wamekubaliana.

Nilinunua adapta ya kutoa HDMI kwenda VGA, KSh 700. Picha ikaja, lakini Windows ilitoa 1024 kwa 768 tu, imevutwa, na jina la monita halikutokea. Nilianza kulaumu adapta mpaka nilipoutazama waya wa VGA. Pini ya 12 ilikuwa imevunjika. Pini za 12 na 15 ndizo zinazobeba taarifa za monita kwenda kwenye kompyuta. Bila hizo Windows haijui inazungumza na nani, inatoa ukubwa wa kubahatisha. (Pini ya 9 hukosekana kwenye nyaya nyingi, hiyo si hitilafu.) Waya mpya KSh 300, na 1280 kwa 1024 ikatokea yenyewe.

Bonyeza kitufe cha Windows na P, chagua kupanua au skrini ya pili pekee. Usichague kurudufu, maana hulazimisha skrini zote mbili ziwe na pikseli sawa na unarudi kwenye ukungu. Monita ipewe ukuzaji wa asilimia 100.

Shangazi alifungua nembo ya mfukoni na kuishusha kwenye ukubwa wa moja kwa moja. Hakusema kitu, alivuta tepu. Hamsini. Alama za zana ni milimita 4 na zaidi kidogo, kama zilivyokuwa. Amechora nembo mbili za Gredi ya 10 kabla ya saa nane, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba sikumwona akiinama.

13 Desemba: Gharama na hali ya sasa

Laptopu 24,000, adapta ya diski 1,300, sweta 850, adapta ya HDMI 700, waya 300, flashi mbili 1,200. Jumla KSh 28,350, bila nauli.

Kibandani anatumia monita. Akienda kumwonyesha mteja shuleni anabeba laptopu peke yake, na kule kinachotumika ni asilimia 125, "System Enhanced" na karatasi ya 131, ambayo nimeifunika kwa selotepu isifutike.

Bado sijapata njia ya kukuza alama za zana kwenye skrini ya laptopu bila kupoteza kitufe cha OK. Nikiipata nitaongeza hapa.

Nakala ya C:\Darizi, pamoja na ile faili ya OCX na mipangilio yote kwenye faili ya maandishi, iko kwenye flashi mbili. Moja ninayo mimi Buruburu. Ya pili shangazi ameitia kwenye kopo la vifungo.